Mvamizi wa Leo Alikuwa Mkazi wa Jana

(Haya ni maandishi ya mazungumzo yaliyotolewa kwa walimu na watumishi wa umma wa Nyanda za Juu Kusini.)



Liko neno moja ambalo limepata nguvu kubwa mno katika barua na taarifa za ofisi za Serikali. Neno hilo ni "mvamizi". Likishaandikwa mbele ya jina la mtu, mambo mengine hufuata kwa wepesi: notisi hubandikwa, magari huandaliwa, askari hupangwa, na siku ikifika nyumba hubomolewa na mifugo huswagwa. Aghalabu hakuna aulizaye tena kama mtu huyo kweli alivamia, au kama alikuwapo mahali hapo kabla mpaka haujachorwa.

Mazungumzo haya yanakusudia kulichunguza neno hilo kwa kutazama yaliyotokea Mbeya na Iringa. Linalotakiwa kuonyeshwa ni hili: operesheni inayomwondoa mtu bila kwanza kuamua haki yake, na bila kumwonyesha mahali pa kwenda, haimalizi uvamizi. Inauhamisha tu, kutoka wilaya moja hadi nyingine, na huko nako itahitajiwa operesheni mpya.

Ndugu, tuanze na Usangu. Bonde hilo, ambalo sehemu yake kubwa imo katika Wilaya ya Mbarali, ni kama bakuli. Mito inayoshuka kutoka milima ya Kipengere na Uporoto humwaga maji yake humo, na maji hayo hukusanyika katika kinamasi cha Ihefu kabla ya kutoka kwa njia ya Mto Ruaha Mkuu. Mto huo hupita katika Hifadhi ya Taifa ya Ruaha, ukaenda kulijaza bwawa la Mtera, kisha Kidatu. Kwa hiyo maji ya Usangu ni ya mkulima wa mpunga wa Rujewa, ni ya mnyama wa porini, na ni ya mwenye kiwanda anayewasha mashine yake Dar es Salaam. Si ajabu basi kwamba kila mmoja analitazama bonde hilo kwa jicho lake.

Watu wa Usangu nao hawakuja siku moja. Wasangu ndio wenyeji wa tangu zamani. Kuanzia miaka ya 1950 walifika wafugaji wa Kimasai. Katika miaka ya 1970 na 1980 walifika Wasukuma wengi na makundi yao ya ng'ombe, na Wabarabaig nao wakaja kutoka kaskazini. Serikali nayo ilikuwa mgeni mkubwa: shamba la mpunga la Mbarali lilijengwa katika miaka ya 1970 kwa msaada wa China, na baadaye likafuata shamba la Kapunga. Mwaka 1998 sehemu ya bonde ikatangazwa kuwa Pori la Akiba la Usangu.

Wakati huo mto ulikuwa umekwisha kupata maradhi. Tangu mwaka 1993 Ruaha Mkuu, ambao zamani ulitiririka mwaka mzima, ulianza kukauka ndani ya hifadhi kila kiangazi. Nchi ilipopatwa na uhaba mkubwa wa umeme mwaka 2006, macho yote yaligeukia Usangu, na kidole kikaelekezwa kwa ng'ombe. Kuanzia Mei 2006 hadi Mei 2007 wafugaji waliondolewa katika bonde pamoja na mifugo yao, na wengi wakaelekezwa mikoa ya kusini na Pwani, hasa Lindi. Malalamiko yalikuwa mengi: faini zilizotozwa kwa nguvu, ng'ombe waliokufa njiani, familia zilizofika mahali ambapo hapakuwa na josho wala kisima. Malalamiko hayo yalifika mbali hata Rais Jakaya Kikwete akaunda, mwaka 2007, tume ya uchunguzi iliyoongozwa na Jaji Othman Chande, ambaye baadaye alikuwa Jaji Mkuu.

Inafaa kutenda haki kwa pande zote. Serikali haikuwa na kosa kuujali mto. Taifa lisilotunza vyanzo vyake vya maji linajichimbia kaburi. Wala si kila mwenye ng'ombe Usangu alikuwa mnyonge. Walikuwapo wenye makundi makubwa kupita kiasi, wakaao mijini na kuchunga kwa mikono ya vijana wa kuajiriwa. Lakini ukweli mwingine nao usifichwe. Utafiti mkubwa uliofanywa katika bonde hilo mwishoni mwa miaka ya 1990 na mwanzoni mwa miaka ya 2000, kwa ushirikiano wa Serikali na wafadhili wa Kiingereza, ulionyesha kwamba sababu kuu ya mto kukauka ilikuwa maji yanayochepushwa kiangazi kwenda mashambani, wala si kwato za ng'ombe. Tafsiri yake ni kwamba aliyeondolewa kwa nguvu hakuwa ndiye mwenye sehemu kubwa ya lawama. Aliondolewa kwa sababu ndiye aliyekuwa mwepesi kuondolewa: hana mfereji wa saruji, hana hatimiliki, na mali yake ina miguu minne.

Sasa na liulizwe swali ambalo halikuulizwa vya kutosha. Wabarabaig waliokutwa Usangu walitoka wapi? Kwao ni Hanang. Katika miaka ya 1970 na 1980 Shirika la Taifa la Chakula na Kilimo, NAFCO, lilianzisha huko mashamba ya ngano kwa msaada wa Kanada, yakafikia kiasi cha ekari 100,000, na malisho bora ya Wabarabaig yakawa shamba. Wanakijiji wa Mulbadaw walikwenda mahakamani, na Mahakama Kuu ikawapa haki kwa kiasi fulani. Lakini mwaka 1985 Mahakama ya Rufani ilitengua hukumu hiyo. Ilisema kwamba halmashauri ya kijiji haikuthibitisha kuwa imegawiwa ardhi ile, na kwamba walalamikaji hawakuthibitisha kuwa wao ni wenyeji kwa maana ya sheria. Mbarabaig, katika nchi ya babu zake, akaambiwa hakuthibitisha uenyeji!

Hapo ndipo mkazi alipogeuzwa mvamizi kwa mara ya kwanza. Wengine walishuka na mifugo yao wakaenda kusini. Wakafika Usangu, wakaondolewa mwaka 2006. Wafugaji wengine wa Usangu wakaingia Bonde la Kilombero, na mwaka 2012 huko nako ikaja operesheni ya kuondoa mifugo. Kila mkoa uliandika taarifa kwamba kazi imekwisha kwa mafanikio. Kwa hesabu ya mkoa mmoja mmoja, labda ni kweli. Kwa hesabu ya taifa, ni watu wale wale na ng'ombe wale wale, kila safari wakiwa wamepungukiwa zaidi na wamejaa uchungu zaidi. Mwenda tezi na omo hurejea ngamani. Lakini hawa ngama yao ililimwa ngano.

Ndugu, nchi hii inajua namna nyingine ya kumpokea aliyefukuzwa kwao, na hilo ndilo linalofanya jambo hili liwe la kusikitisha zaidi. Katika Vita Kuu ya Pili, Wapolandi waliotolewa katika nchi yao na kupitia Urusi na Uajemi walipokelewa Tanganyika. Nyanda hizi za Juu zilikuwa na makambi yao Ifunda na Kidugala. Walimu waliosoma Ifunda wanajua kwamba mahali pale palikuwa na watu kabla ya shule. Katika miaka ya 1970 Mgagao, Mkoa wa Iringa, ilikuwa kambi ya wapigania uhuru wa Zimbabwe. Na waliokimbia mauaji ya Burundi mwaka 1972 hawakuachwa wahangaike porini. Walitengewa makazi Ulyankulu, Katumba na Mishamo, kila familia ikapewa shamba la kulima, zikajengwa shule na zahanati. Mwaka 1983 Mwalimu Nyerere alipewa Nishani ya Nansen kwa sababu ya jinsi taifa hili lilivyowatendea wakimbizi.

Mwisho wa habari hiyo ndio wenye mafunzo zaidi. Mwaka 2007 Serikali ilikubali kwamba wakimbizi hao wa 1972 waliotaka kubaki wapewe uraia, lakini kwa mpango kwamba wangehamishwa kutoka makazi yale na kutawanywa katika mikoa mingine. Mpango wa kuwatawanya ulikwama miaka mingi, na hatimaye ukaachwa. Mwaka 2014, zaidi ya watu 162,000 walithibitishiwa uraia na kuruhusiwa kukaa pale pale walipokuwa wamelima kwa miaka arobaini. Taifa lilitambua kwamba aliyefyeka pori, akajenga, akazika wazee wake na kuzaa watoto wake mahali, ana jambo zito la kudai juu ya mahali hapo. Ikiwa jambo hilo lilikuwa kweli kwa mgeni aliyekuja bila kitu, litakosaje kuwa kweli kwa mwananchi wa Usangu, wa Pawaga au wa Idodi?

Wako watakaosema: ardhi ya Tanzania ni mali ya umma, Rais ndiye mdhamini wake, kwa hiyo hakuna mwenye haki ya kuikatalia Serikali. Maneno haya ni nusu ya kweli, na nusu ya kweli katika ofisi ni hatari kuliko uongo mtupu.

Ni kweli kwamba mwaka 1958, katika kijitabu chake "Mali ya Taifa", Mwalimu Nyerere alipinga ardhi kugeuzwa bidhaa ya kuuzwa sokoni. Ni kweli vile vile kwamba mwaka 1963 umilikaji wa moja kwa moja ulioachwa na wakoloni ulifutwa. Lakini shabaha ilikuwa nini? Shabaha ilikuwa kumkinga mlimaji mdogo asinyang'anywe na mwenye fedha. Mwalimu alitofautisha ardhi, ambayo hakuna binadamu aliyeiumba, na jasho la mtu aliyeitumia ardhi hiyo. Jasho lile ni la mwenyewe. Kuitumia hoja ya mali ya umma ili kumwondoa mlimaji bila fidia, na kesho yake kumkabidhi ardhi ile ile mtu mwenye mtaji, ni kuipindua hoja hiyo miguu juu.

Mfano uko Kapunga. Shamba la NAFCO lilipobinafsishwa mwaka 2006, hati iliyokabidhiwa mwekezaji ilikuwa ya hekta 7,370. Ndani yake zilikuwamo hekta 1,870 ambazo wanakijiji wa Kapunga walisema ni zao, nao wakajikuta wavamizi katika kijiji chao kwa nguvu ya karatasi. Ilichukua miaka ya mgogoro kabla kosa hilo kushughulikiwa. Hawakuhama hata hatua moja. Ni mstari uliowahamia.

Mahakama nayo haikusimama pale ilipokuwa mwaka 1985. Mwaka 1994, katika kesi ya Mwanasheria Mkuu dhidi ya Lohay Akonaay na mwanawe, Mahakama ya Rufani, chini ya Jaji Mkuu Francis Nyalali, iliamua kwamba haki ya kutumia ardhi kwa mila ni mali inayolindwa na Ibara ya 24 ya Katiba, na kwamba mtu hawezi kunyang'anywa bila fidia ya haki. Tume ya Rais iliyoongozwa na Profesa Issa Shivji ilikuwa imekwisha kuzunguka nchi nzima mwaka 1991 na 1992, ikakusanya vilio vya wananchi juu ya ardhi. Kutokana na mjadala huo zikaja Sheria ya Ardhi na Sheria ya Ardhi ya Vijiji za mwaka 1999. Sheria hizo zinataka ukaaji wa muda mrefu uliotambuliwa ulindwe. Zinataka fidia iwe kamili, ya haki na ya haraka. Na ardhi ya kijiji isihamishiwe matumizi mengine kabla wanakijiji hawajaarifiwa, mkutano mkuu wao haujasikilizwa, na suala la fidia halijamalizwa.

Basi upungufu hauko katika sheria. Uko katika umbali uliopo kati ya sheria na lori la operesheni.

Umbali huo ulionekana tena Mbarali. Mwaka 2008, kwa Tangazo la Serikali Namba 28, Pori la Akiba la Usangu pamoja na maeneo mengine ya jirani yaliingizwa katika Hifadhi ya Taifa ya Ruaha, na hifadhi ikafikia zaidi ya kilomita za mraba 20,000. Ndani ya mstari huo mpya vilikuwamo vijiji. Havikuwa vibanda vya maficho. Vilikuwa vijiji vyenye viongozi waliochaguliwa, vyenye zahanati, na vyenye shule. Hapa walimu hawana budi kutega sikio. Serikali iliyompeleka mwalimu kijijini, ikamlipa mshahara, ikasimamia mitihani na kuwaandikisha wananchi kupiga kura, inawezaje baadaye kusema haikujua kwamba hapo pana watu? Rejista ya darasa la kwanza ni ushahidi. Kila jina lililoitwa asubuhi na mtoto akaitikia ni ushahidi kwamba mzazi wake hakujificha.

Jambo hilo likaburutwa miaka mingi. Mwezi Oktoba 2022 Serikali ilitangaza kwamba vijiji vitano na vitongoji kadhaa vingeondolewa, na maelfu ya watu wakaingiwa na hofu. Mwaka 2023 lilitoka Tangazo Namba 754 lililorekebisha mipaka, ambalo liliwaachia wananchi sehemu ya ardhi na kubakiza nyingine ndani ya hifadhi. Wakati huo malalamiko yalikuwa yamefika hata Benki ya Dunia, iliyokuwa ikigharimia mradi wa utalii wa kusini kwa dola milioni 150. Mwezi Aprili 2024 benki hiyo ilisimamisha kutoa fedha, na mwezi Novemba mwaka huo huo mradi ukafungwa. Mgogoro ambao ungemalizwa katika mkutano wa kijiji, kwa ramani iliyotandikwa juu ya meza na wazee wakiioneshea kidole, ulikwenda kujadiliwa Washington. Hiyo si sifa kwa nchi iliyojikomboa.

Ndugu, Mkoa wa Iringa unalo fundisho lake la damu, nalo lisisahauliwe. Ismani, katika miaka ya 1960, ilikuwa ghala la mahindi, na pia mahali ambapo wachache walishika mashamba makubwa na wengi wakawa vibarua. Kusudi la kuleta usawa lilikuwa jema. Lakini tarehe 25 Desemba 1971, Mkuu wa Mkoa, Dk. Wilbert Klerruu, aliuawa kwa risasi na mkulima Saidi Mwamwindi katika shamba la mkulima huyo, na mkulima naye akahukumiwa kifo. Hakuna awezaye kuhalalisha mauaji yale. Walakini fundisho liko wazi: suala la ardhi likiachwa liamuliwe shambani, uso kwa uso, kati ya amri ya ofisa na hasira ya mwenye shamba, pasipo baraza, pasipo mahakama wala muda wa kusikilizana, basi taifa hupoteza kiongozi na hupoteza mkulima pia.

Na tusidhani kwamba kutumia nguvu bila simile hakuna gharama kwa wenye mamlaka. Mwishoni mwa mwaka 2013, Operesheni Tokomeza iliyoanzishwa kwa shabaha njema ya kupambana na ujangili ilisimamishwa kwa sababu ya mateso waliyotendewa wananchi, na baada ya taarifa ya Bunge mawaziri wanne walipoteza nyadhifa zao. Askari hutekeleza amri. Lakini amri huanzia katika faili, na faili huandikwa na mtumishi wa umma.

Kwa hiyo, kabla ya kuliandika neno lile "mvamizi", mtumishi mwadilifu hana budi kujibu maswali manne. Kwanza: mtu huyu alikuja lini, na mpaka ulichorwa lini? Kama yeye ndiye wa kwanza, neno hilo halimhusu, hata kama maslahi ya taifa yanamtaka ahame. Pili: nani alimpokea? Kama kijiji kilimpa ardhi kwa muhtasari wa mkutano, na Serikali ikakusanya kodi yake, basi Serikali yenyewe ilikuwa mwenyeji wake. Tatu: fidia yake imethaminiwa, na imelipwa kabla hajaondoka? Nne, na hili ndilo kubwa: anakwenda wapi, na waliopo huko wamekubali? Lindi si pori tupu. Ina wenyewe, na wana mashamba.

Mtu akijibu maswali hayo kwa haki, atakuta kwamba wavamizi wa kweli wapo, nao washughulikiwe kwa mujibu wa sheria bila ya huruma ya uongo. Lakini atakuta pia kwamba wengi walioitwa hivyo ni wakazi ambao mstari wa kalamu uliwapita usiku.

Mwalimu naye ana sehemu yake. Mtoto wa mfugaji aliyehamishwa akifika darasani bila barua ya uhamisho, bila sare na bila kujua Kihehe wala Kisangu cha wenzake, asiitwe mgeni. Aandikishwe. Jina lake likiwa katika rejista, atakuwa amepata ushahidi wa kwanza kwamba yupo, na kwamba nchi hii ni yake.

Mto Ruaha unaweza kutunzwa, na ng'ombe wanaweza kupunguzwa, na hifadhi zinaweza kulindwa, bila kumfanya mwananchi kuwa mkimbizi katika nchi aliyoipigania. Kazi hiyo ni ngumu kuliko kukodi malori. Ina mikutano mirefu, ina vipimo, ina hesabu za fidia, na ina wazee wanaorudia neno moja mara kumi. Lakini ndiyo kazi ambayo watumishi wa umma wameajiriwa kuifanya.